Kitambaa Juu ya Kinanda

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii jambo hilo, wala silionei haya. Nimefanya kazi ya ukaguzi serikalini tangu ujana wangu, na mkaguzi anayeamini watu ni mzigo kwa ofisi. Kwa hiyo mpiga kinanda wetu alipoanza kufunika kinanda chake kwa kipande cha kitenge, sikuridhika na maelezo yake.

"Vumbi, dada," alisema. "Si unauona upepo wenyewe?"

Upepo nilikuwa nauona. Kiangazi cha Dodoma kinapokolea, vumbi huingia mpaka kwenye chai. Lakini mtu anayeogopa vumbi hufunika kinanda chote, tena akishamaliza kupiga. Huyu alifunika upande mmoja tu, ule wenye vitufe na kioo kidogo kinachoonyesha namba, na alifunika huku anapiga. Nikaliweka hilo moyoni.

Kikundi chetu ni cha watu wanaopenda kuigiza kwa kuimba. Hakuna anayelipwa. Tuko watumishi wa serikali tulioletwa na wizara zetu, wako wanachuo wa Chimwaga, wako wenye maduka, na wako wenyeji wa hapa, ambao kuimba kwao hakuhitaji kufundishwa. Mwalimu, mzee mstaafu wa sekondari, ndiye anayetunga nyimbo na kutuelekeza. Tunafanya mazoezi Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa moja, Wakristo na Waislamu pamoja, na anayechelewa hubebeshwa kazi ya kupanga viti.

Mchezo tunaoombwa kila mwaka ni ule wa mama wa Kibaigwa. Kijana wake amepanda lori la mahindi akaenda Dar es Salaam bila kuaga, na mama anabaki sokoni na binti yake, katikati ya magunia na madalali. Lori likishaondoka, mama anasimama peke yake na kuimba wimbo wa kumwita. Wimbo unaanza chini, unapanda polepole, na kwenye mstari wa mwisho, pale mama anapomwambia mwanawe arudi hata kama hana kitu mkononi, sauti hupanda juu kabisa. Nayo sauti ya nne, yaani besi, huanza pale katikati kushuka chini yake kama lori linalobadilisha gia mlimani.

Mama huyo ni mimi. Nieleze kidogo maana yake kwangu, la sivyo nitaonekana mtu wa kugombana kwa jambo dogo. Wizara ilipohamia Dodoma nilihama nayo, mume wangu akabaki Dar na shughuli zake, watoto walishakuwa watu wazima. Niliuchukia mji huu. Niliuchukia ukame wake na ukimya wa chumba changu jioni. Kisha mwenzangu wa ofisini akanivuta kwenye kikundi, Mwalimu akanipa wimbo ule, na siku ya kwanza nilipouimba mbele ya watu, wanawake wa mstari wa mbele walilia. Tangu hapo nikienda sokoni wauza mboga huniita mama wa lori na kuniongezea fungu. Wimbo ule ndio ulionifanya niwe mtu wa Dodoma. Sikuwa na kingine.

Halafu nikapasuliwa goita shingoni. Nilipopona na kurudi mazoezini niliogopa sana, lakini sauti ilikuwepo. Ilikuwa nzito kidogo, lakini mstari wa mwisho niliufikia. Mwaka uliofuata niliufikia kwa urahisi zaidi, nikamshukuru Mungu, nikamwambia mume wangu kwa simu kwamba daktari yule ana mikono ya baraka.

Ndipo mambo ya ajabu yalipoanza, na kitambaa kilikuwa jambo moja tu kati ya hayo.

La pili lilikuwa binti mmoja, mwanachuo wa Chimwaga. Alikuwa amejiunga na kikundi akapewa nafasi ya binti yangu kwenye mchezo. Binti mwenye adabu, shikamoo yake haikosekani, na sauti yake ni safi kama ya kengele. Siku moja nilimkuta nje ya ukumbi akichambua mchele wa chakula chetu huku akiimba chinichini. Nikasimama. Ulikuwa wimbo wangu, lakini ulikuwa umepanda juu kuliko ninavyouimba mimi. Aliponiona akanyamaza ghafla.

"Unajifunza nafasi ya mama?" nilimuuliza.

"Hapana, mama. Unanijia tu kichwani."

"Mbona unauimba juu hivyo?"

Akainamia ungo wake. "Nimekosea tu, mama."

La tatu, na ndilo lililonitia uchungu zaidi, lilikuwa besi wetu. Huyu ni mkulima wa alizeti wa Haneti, mtu mzima, Mgogo, anayekuja mjini kila Jumamosi na basi la asubuhi na kuondoka na la alasiri. Sauti yake ndiyo nguzo ya besi. Wale wengine wawili hufuata tu. Nyimbo zote aliimba vizuri. Lakini wimbo wangu ukifika pale katikati, besi inapotakiwa kushuka, mdomo wake ulikuwa wazi na sauti haitoki. Nilimwangalia Jumamosi baada ya Jumamosi. Alikuwa anacheza midomo tu, kama mtu aliye ndani ya televisheni iliyozimwa sauti.

Nikaunganisha mambo. Kila mara kabla ya wimbo wangu, na kabla ya wimbo wangu tu, mkono wa mpiga kinanda uliingia chini ya kile kitambaa. Nikasema, bila shaka humo ndani kuna simu. Ananirekodi. Wanakusanya makosa yangu, kisha binti anafundishwa pembeni, na huyu mzee wa besi ameshaambiwa asijichoshe kwa ajili ya mtu anayeondolewa. Na Mwalimu kila nikimaliza ananisifu haraka, kabla sijavuta pumzi, kama anayefunga mlango watu wasichungulie. Nilijua sasa kwamba wananizunguka.

Nilijaribu kulichunguza hilo jambo. Nilijifanya naomba nipewe sauti ya kuanzia, nikakisogelea kinanda, nikanyoosha mkono kwenye kitambaa kana kwamba nakirekebisha. Mpiga kinanda aliushika mkono wangu kwa upole na kuurudisha.

"Niachie mimi, dada. Vumbi litaingia."

Usingizi ulinikimbia kwa ajili ya sentensi hiyo.

Jumamosi iliyofuata sikuvumilia. Tulipomaliza wimbo niliwageukia wote, nikamnyooshea kidole yule mkulima. Nikasema hapa kuna mtu anakuja kutoka mbali kuja kufungua mdomo bila kuimba, tena kwenye wimbo mmoja tu, na kama ametumwa aseme aliyemtuma. Nikasema kama nafasi yangu inatakiwa niambiwe usoni, nina umri wa kuambiwa. Nilisema mengi. Mwalimu alianza kukohoa. Binti wa Chimwaga alitoka nje.

Mkulima alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Nitajitahidi, mama," alisema, akaishia hapo.

Jibu hilo lilinikasirisha kuliko matusi, maana halikuwa na pa kushika.

Jumamosi ya mwisho kabla ya onyesho tulifanya zoezi kamili, na mavazi. Jamaa zetu kadhaa walikaa kwenye mabenchi kutazama. Ukafika wimbo wangu. Mkono ukaingia chini ya kitambaa kama kawaida, nikauona, nikaanza kuimba nikiwa nimekunja uso. Nilikuwa sijamaliza ubeti wa kwanza umeme ukakatika. Kinanda kikazimika, feni zikasimama, watu wakacheka kidogo kama tunavyocheka siku zote. Tukasubiri. Uliporudi, Mwalimu akapiga makofi.

"Turudie mwanzo wa wimbo. Mama, tafadhali."

Mpiga kinanda akaanza mara moja, mikono yote miwili juu ya funguo za kinanda.

Niliona tangu neno la kwanza kwamba kuna kitu. Wimbo ulikuwa umeniinukia shingoni. Nikasukuma. Kisha, nyuma yangu, besi ikaingia, na haikuwa midomo mitupu. Yule mkulima alikuwa anaimba. Sauti ilitoka kwake nene, imejaa, ikashuka chini hatua kwa hatua mpaka nikaisikia kwenye nyayo zangu. Nilikuwa nimesahau kwamba wimbo wangu una kitu hicho ndani yake. Niligeuka kumtazama, naye alikuwa amefumba macho.

Ukafika mstari wa mwisho. Nikavuta pumzi, nikapanda, na hapakuwa na kitu. Ilitoka hewa, halafu mkwaruzo kama wa mlango, halafu hewa tena.

Mpiga kinanda aliondoa mikono yake kana kwamba funguo zimemuunguza.

"Samahani, dada," alisema. "Nimesahau."

"Umesahau nini?"

Nilishuka jukwaani, nikakifunua kitambaa. Hapakuwa na simu. Palikuwa na kile kioo kidogo, na juu yake namba sifuri. Nilimtaka anieleze. Akasema kinanda kina kitufe cha kushusha wimbo mzima, kwamba vidole hupiga palepale lakini sauti hutoka chini zaidi, na kwamba umeme ukikatika kinarudi chenyewe kwenye sifuri.

"Huwa unaushusha hadi wapi?"

Alimtazama Mwalimu, kisha akaminya kitufe polepole, mara moja, na tena, na tena, mpaka namba ikasimama kwenye tano. Mwanzoni ilikuwa moja tu, alisema. Kila sauti yangu ilipozidi kukwama, waliongeza. Kikundi chote kilijua. Yule binti peke yake ndiye aliyekuwa bado anasahau kuushusha, kwa sababu alikuwa amejifunza kwenye rekodi ya zamani.

Na kwa besi, hatua tano chini ni shimoni. Hakuna mtu anayefika huko, hata yule mkulima.

Wangeniibia nafasi ile ningepigana nao, na kupigana nakujua. Hili sikujua nilifanyie nini. Miaka miwili watu wamenipigia makofi na mimi nikaenda nyumbani nimejaa, kumbe nilikuwa nabebwa mgongoni kama mtoto. Nilivua kilemba cha mchezo, nikakiweka juu ya kinanda, nikatoka. Nililia barabarani na sikujali nani ananiona.

Mwalimu alinipigia simu kesho yake. Aliniambia jambo moja tu: wazo halikuwa lake. Aliyeomba wimbo ushushwe, tangu siku ile ya kwanza niliporudi kutoka hospitali, alikuwa yule mkulima.

Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi kwenda Haneti. Nilimkuta nyumbani kwake anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mkewe anapepeta. Walinikaribisha kwa salamu yao ya "Mbukwa", nikaletewa kigoda na uji wa uwele. Sikuuacha upoe, nikauliza palepale.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kuja, mama."

"Na wewe ukakaa kimya muda wote huo. Nimekutukana mbele za watu."

Aliokota kichwa kingine cha alizeti, akakigeuzageuza. "Mimi nyimbo ninazo nyingi," alisema. "Nikilima naimba, nikichunga naimba, kwenye harusi naimba. Wewe nilikuona unao huo mmoja."

Mkewe aliendelea kupepeta. Niliinamia uji wangu, nikanywa, maana macho yalikuwa hayafai kuonekana. Nilimwomba radhi kama inavyopasa, na mkewe pia. Kisha nikamwambia kwamba Jumamosi wimbo utarudi mahali pake, na nisisikie mdomo mtupu.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Wauza mboga wangu walikuwa mstari wa mbele na khanga mpya. Nilikuwa nimeshapanga na binti wa Chimwaga, mazoezi mawili tu, kwenye chumba changu. Lori likaondoka, nikasimama kati ya magunia, nikaanza kuimba. Beti za chini bado zilikuwa zangu, na sikuzifanyia ubakhili. Besi ikaja kutoka nyuma, ubao wa jukwaa ukatetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe niliimba nikiwa nimesimama juu ya kitu. Mstari wa mwisho ulipokaribia nilimgeukia binti yangu wa mchezo, nikamshika mabega, nikanyamaza. Akaupanda yeye. Aliupanda mpaka juu, mahali nilipokuwa nafika zamani, na mimi nikamsikiliza kama mama yeyote aliyeishiwa sauti kwa kuita. Wanawake wa mstari wa mbele walilia.

Baadaye watu walipanda jukwaani kunipa mikono. Walisema mwaka huu nimeimba kuliko miaka yote. Niliwashukuru, nikawaacha wamesimama, nikapita kwenda kwenye kinanda kabla hakijazimwa. Kitambaa kilikuwa palepale. Mpiga kinanda alinitazama.

"Dada, mpaka leo?"

Nilikifunua mwenyewe, nikainama nikaangalia. Ilikuwa sifuri. Basi nikawarudia wale watu, nikazichukua sifa zao zote, nikaenda nazo nyumbani.