Chumba Kimoja, Wapangaji Wawili

Siku ile ya mvua naikumbuka kwa hasira, mwanangu, na sikufichi, hasira yenyewe haijapoa. Nilidhani uzee utaipoza. Wapi! Juzi ulipokuja kunieleza kwamba umeshachukua kodi za wanafunzi wa chuo kwa vyumba ambavyo paa lake bado ni mbingu, ukacheka na kusema, "Shangazi, ndiyo biashara ya mjini," nilikusindikiza tu hadi mlangoni. Leo nimepata maneno. Keti uyasikie, maana yanamhusu baba yako, na najua yeye mwenyewe hakuwahi kukusimulia mpaka anaingia kaburini.

Ni miaka ile mambo yalipofunguliwa. Tulikuwa tumezoea foleni ya sukari na sabuni, mara maduka ya Dodoma yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni, na kila mtu mdomoni ana neno moja: ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua. Huku maduka yakijaa, mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu, na baba yako Idi alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Akarudi nyumbani, Chang'ombe yetu hii ya Dodoma, na kiinua mgongo chake.

Marehemu babu yako alituachia nyumba ya vyumba viwili na ua mpana. Chumba cha nyuma tulilala mimi na bibi yako. Cha mbele kilikuwa cha Idi. Alikuwa anaposa, kwa hiyo alikipaka chokaa na kukitia kitanda cha mninga. Uani akataka kujenga vyumba vya kupangisha. Wazo zuri, sikatai. Watumishi walikuwa wanahamia, na chumba chenye bati na mlango unaofungika hakikukaa wazi hata wiki.

Bibi yako alimwambia, "Jenga kimoja, kimalize, kipangishe. Kodi yake ndiyo ifyatue tofali za cha pili."

Idi akamwona mshamba. Akachimba msingi wa vyumba sita kwa mpigo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: pesa zikamwishia kwenye linta, pale juu ya milango na madirisha, kuta zikabaki zimekodoa macho juani. Akajikamua, akaezeka kimoja, akampangisha Yosefu, kijana mpole aliyeuza mitumba sokoni. Yosefu alilipa mwaka mzima mbele.

Hadi hapo hakuna kosa, mwanangu. Kodi ya mbele ndiyo benki ya mjenzi asiye na kitu. Kosa ni lililofuata. Idi alisikia kuna mwalimu wa kike anahamishwa kutoka Mpwapwa, anatafuta chumba. Akapanda basi akamfuata huko huko, akamsimulia chumba cha Yosefu: mlango wa bluu, dirisha linatazama mashariki, bomba la maji halipo mbali. Mwalimu huyo aliitwa Neema, mjane mwenye watoto wawili. Aliuza cherehani yake, akampa Idi kodi ya mwaka. Idi akanunulia saruji ya vyumba vilivyobaki, akijiambia kuwa Neema atahamia shule zikifunguliwa, na kabla ya hapo atakuwa ameshaezeka kingine. Kwa pesa ipi? Mpaka leo najiuliza.

Neema hakungoja shule zifunguliwe. Alikuja Desemba.

Lori liliwashusha mchana, na mvua ya huku kwetu unaijua: inatusahau miezi, halafu ikija inataka kuchimba korongo jipya siku hiyo hiyo. Watoto walijifunika turubai, godoro linachuruzika. Neema akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa bluu, akabisha hodi. Yosefu akafungua, tonge bado liko shavuni.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Hiki ni chumba changu. Nimekilipia kwa Bwana Idi."

"Mbona na mimi nimekilipia kwake, na ndimo ninamoishi?"

Idi alikuwa amesimama upenuni, anasikia kila neno. Alikuja anachekacheka, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Dada Neema, umewahi mno! Nenda gesti siku chache, mambo yanakwenda vizuri."

Neema hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alimtazama tu akasema, "Gesti nitalipa na nini, kaka yangu? Cherehani nilikuwa nayo moja."

Bibi yako alikuwa jikoni. Akatoka na mikono yake ina unga. "Idi, umechukua pesa ya huyu mama?"

"Mama, sijazila. Zipo kwenye kuta, nimejengea."

"Mwizi anayejenga ni mwizi."

"Mama, siku hizi ndivyo watu wanavyozungusha pesa. Kila kitu ruksa."

"Ruksa ya kuwaacha watoto wa mwenzio wanyeshewe umepewa na nani? Toa ufunguo wa chumba chako."

Hapo Idi akasahau anazungumza na nani. "Chumba changu cha harusi? Kiwanja hiki ni cha baba, na mwanamume wa nyumba hii ni mimi!"

Bibi yako alijifunga khanga kiunoni, akaingia chumba cha mbele, akashika kitanda upande mmoja, akaniita nishike wa pili. Tukakitoa, tukakipitisha uani mbele ya Yosefu na Neema, tukakiweka ndani ya kuta zisizo na paa. Maji yalikuwa yanafika vifundoni.

"Umesema pesa ya watu iko humu," akamwambia mwanawe. "Basi kalale nayo."

Neema na watoto wakaingia chumba cha mbele. Idi akaondoka vilevile alivyolowa, akaenda kijijini Haneti kwa mjomba.

Sasa sikiliza kinachonichoma mpaka leo. Habari zilifika kwa wakweze watarajiwa, posa ikavunjika. Majirani wakaja na pole zao. Kwa nani? Kwa Idi! Wakasema mama amemwaibisha mwanawe, mama ana roho ngumu, mambo ya nyumbani humalizwa ndani. Sikusikia hata mmoja akiuliza wale watoto wamekula nini. Ndiyo dunia yetu: anayedhulumu ana haraka ya maendeleo, na anayemkemea ana roho mbaya. Nawachukia wenye maneno yale, wazima kwa wafu, Mungu anisamehe.

Idi alilima Haneti msimu mzima. Akarudi na magunia ya alizeti, akauza, akanunua bati, akaezeka chumba cha pili na kumhamishia Neema kabla hajarudi kwenye chake cha mbele. Vilivyobaki alivijenga kimoja kimoja. Mpangaji mwingine alinunua mlango mwenyewe, mwingine bati, tukakata kwenye kodi, kwa makubaliano mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, kila mtu ameona kwa macho yake anacholipia. Ilichukua miaka. Kodi hizo ndizo zilizokusomesha wewe. Lakini Neema hakumwita tena kaka. Mwaka wake ulipoisha alihama, akamuaga bibi yako, akaniaga mimi, akampita Idi kama unavyopitwa mti.

Nakwambia sasa waziwazi. Kukosa fedha si aibu. Sisi sote tulianza na udongo. Anza na chumba kimoja ukimalize. Ukiomba kodi ya mbele, mwonyeshe mpangaji ukuta usio na paa, umwambie hauna paa, akubali au akatae. Usiuze usichonacho, na usimuuzie wa pili ulichokwisha kumuuzia wa kwanza. Cha mtu mavi, hata ukikichanganya na saruji. Na wanafunzi wale si namba, ni watoto wa watu waliouza mbuzi huko kwao. Kesho asubuhi waendee. Anayetaka pesa yake mrudishie, hata kama ni kwa kuuza hiyo pikipiki yako. Anayekubali kusubiri, mpe tarehe usiyoweza kuikimbia.

Nimekukaripia kwa kuwa wewe ni damu yangu. Mgeni ningemwacha apotee. Mungu akujalie riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake, akupe wapangaji watakaokuombea dua wakifunga milango yao, na wanao wasije wakainamisha macho jina lako likitajwa. Amina, mwanangu. Nenda.