Bibi Harusi wa Shingo Ngumu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya Julai, baridi ya Nairobi ikiuma hadi kwenye mifupa, nilipoamka hapa mtaani Sarang'ombe nikashindwa kugeuza shingo. Mabega yalikuwa mawe. Na harusi yangu ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile! Wakwe walikuwa njiani kutoka Kisumu, na kwaya yetu ilitaka niingie kanisani nikicheza, mikono juu.

Nilikuwa fundi wa nguo. Mwezi mzima nilikuwa nimeinamia cherehani nikishona magauni ya wasimamizi wangu, blanketi magotini. Basi nikajipaka dawa ya kuchua, nikavuta shingo kwa nguvu hadi machozi yakanitoka. Wapi!

Ndipo akaingia mteja wangu Mama Lin, Mchina aliyekaa mtaa jirani wa Ayany na mumewe mjenzi wa barabara. Alileta suruali ya kupunguzwa. Mama huyu alisomea tiba ya kwao, na Kiswahili alikiokota sokoni, kwa hivyo hakujua kupakapaka maneno mafuta.

"Sasa wewe unavuta shingo kama unafungua soda?" akaniambia. "Wacha! Baridi imekaza mishipa. Kwetu tunasema majira yakigeuka, mwili nao ugeuzwe, lakini pole pole. Kuja nje kwa jua."

"Mama Lin, watu watanicheka."

"Wacheke. Kucheka pia ni dawa."

Tukasimama mlangoni, akanielekeza. Magoti yalegee, pumzi iingie, mikono ipande kana kwamba inasukuma mawingu. Pumzi itoke, mikono ishuke. Kisha kugeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Siku hiyo mikono yangu iliishia masikioni. Mama Atieno, jirani yangu muuza chapati, alicheka hadi akaunguza moja. Halafu akajipangusa unga, akaja kusimama kando yangu. "Hata mimi mgongo umenimaliza," akasema. Kesho yake tulikuwa kundi zima la akina mama tukisukuma mawingu mbele ya vibanda. Jua nalo likachungulia, nadhani lilitaka kuona kuna nini.

Jumamosi, mwanangu, niliingia kanisani mikono juu! Nikageuka kulia, nikamwona mama mkwe akipiga vigelegele. Nikageuka kushoto, nikamwona Mama Lin ndani ya kitenge, amekosea hatua zote, anacheka tu.

Haraka haraka haina baraka, hata kwa mifupa. Baridi ikija usijikunje kama paka wa mekoni. Amka, vuta pumzi, jinyooshe pole pole, wala usingoje uumwe ndipo uanze; samaki hukunjwa angali mbichi. Maumivu yakikataa kutoka, nenda hospitali, usione haya. Na ukimwona jirani amejikunyata, mwite nje mnyooke pamoja, kwa maana peke yangu ningeona aibu nikaacha.

Mungu akupe mgongo mwepesi na majirani wachangamfu, akuweke hadi ucheze harusi za wajukuu wako. Amina.