Siku Nilipomshika Mama Mkwe Mkono

Wazee wa mke wangu walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi, na walikuja na desturi zao. Mojawapo ni hii: mwanamume hamgusi mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani humpisha; akimgusa, hulipa kuku. Mimi ni mtu wa Likasi, baba yangu alikuwa wa kabila lingine, lakini nilipooa niliishika desturi hiyo bila ubishi. Mama mkwe akitaka kuniambia jambo alimwambia binti yake, hata kama nimesimama hapo hapo nikisikia.

Kilichotuleta karibu kuliko tulivyozoea ni trekta. Mama mkwe ameuza mahindi soko la Kikula tangu ujana, na alipopata akiba alinunua trekta dogo, lililokwisha kutumika, la kulimia shamba lake la njia ya Kapolowe. Kazi ya udereva alinipa mimi, kwa sababu niliwahi kufanya kazi kwenye gereji ya karieri moja, machimbo ya mawe. Basi tukawa tunashinda shambani watatu: mimi juu ya trekta, yeye pembeni, na mke wangu katikati akipokeza maneno.

Mvua za kwanza zilikuwa karibu jembe la trekta lilipoanza kugoma. Ukilinyanyua linapanda, halafu linashuka lenyewe polepole, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani. Chini yake majani yalikuwa yamelowa mafuta. Niliwasha injini, nikalinyanyua jembe, kisha nikashuka kutafuta mahali yanapovuja. Mke wangu alikuwa ameteremka mtoni kuchota maji.

Mama mkwe ni mtu wa kugusa. Mahindi huyasugua kati ya vidole ndipo aamini kwamba yamekauka. Kitambaa hakinunui mpaka amekifinya. Wakati nimeinama kwenye gurudumu, yeye alizunguka upande wa pili akaanza kupitisha vidole kwenye mpira unaopeleka mafuta kwenye kinyanyuzi.

"Mama, tosha mukono!" nilipaza sauti ili autoe.

Injini ilikuwa inanguruma, hakusikia. Nikamkimbilia, nikamkamata kifundo cha mkono na kumvuta. Aliyumba akaniegemea kifuani, ikabidi nimshike na mabega asianguke. Nilipozima injini, alikuwa ananitazama kama mtu aliyevamiwa sokoni. Nilimwachia, nikarudi nyuma.

"Munisamehe, mama," nilisema, kwa ule wingi wa heshima ambao muda mfupi nyuma ulikuwa umenitoka. "Ile mafuta iko na nguvu sana. Inatoboa ngozi kama sindano."

Hapo nikaona kwenye kidole chake cha shahada nukta nyekundu, ndogo kama alama ya mbu.

Nilikuwa nimeiona nukta kama hiyo gerejini. Mwenzetu mmoja alipapasa mpira uliotoboka, akapata alama ndogo isiyomuuma, akaendelea na kazi. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, na mwishowe madaktari walikata vidole viwili. Mama mkwe nilimweleza yote hayo nikiwa natazama chini.

"Lakini haiumi," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu bila mpokezaji.

"Hata yeye haikumuuma, mama. Twende hospitali sasa hivi."

Usafiri uliokuwapo ni pikipiki yangu. Akapanda nyuma, na kwa kuwa barabara ile ni mashimo matupu, akanishika kiunoni. Tulikutana na mke wangu akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Alitutazama sisi wawili, akaitua ndoo taratibu. Nilimwambia tu kwamba mama ameumia kidole na asiliguse trekta.

Hospitalini Likasi daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliuliza ni mafuta gani na tangu saa ngapi. Alikiminya kidole, akakimulika, akakitazama kwa kioo cha kukuza. Kisha akachukua kibano, akavuta kitu, akakiweka juu ya pamba. Kilikuwa kipande cha uzi wa chuma, chembamba kuliko unywele. Mpira ule ndani umesukwa kwa nyuzi za chuma. Ulipochakaa zikachomoza nje, na uzi mmoja ulikuwa umemchoma.

"Mafuta haikuingia," alisema daktari. "Lakini mungoje kwanza, niangalie kama itavimba."

Alimchoma sindano ya pepopunda, tukangoja. Kila mara niliuliza kidole kikoje, na kila mara mama mkwe alikiinua nikione. Jua lilipoanza kulegea daktari alikitazama tena, akaturuhusu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mama mkwe akaja kukaa ngazi ile ile, si mbali.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Kwa desturi utaniletea kuku. Awe mwenye mafuta."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kuku nilimpeleka, na mpira mpya nilitengenezewa mjini kwa kipimo cha ule wa zamani. Shambani nilishusha jembe chini, nikazima injini, nikachezesha mkono wa kunyanyulia mpaka nguvu yote ya mafuta ikaisha, ndipo nikafungua. Nilifunga mpira mpya, nikaongeza mafuta, nikawasha. Safari hii mama mkwe na mke wangu walisimama mbali, nami nikapitisha kipande cha kartoni kando ya mpira, juu mpaka chini. Kartoni ilibaki kavu. Jembe likapanda, likakaa pale pale hewani.

Nililima hadi kwenye kichuguu cha mpakani. Wale wawili walinifuata na mbegu kwenye mabeseni, wakizungumza habari za bei ya unga, na udongo uliopinduka nyuma yangu ulikuwa mwekundu na laini.