Siku Nilipokamua Ndizi kwa Drili

Nitawasimulia mwenyewe, maana nimechoka kuyasikia kwa watu wengine, na kila anayesimulia anaongeza lake (juzi mnadani nimesikia eti paa la jiko lilibomoka, halikubomoka, lilichafuka tu). Aibu ni yangu, sikatai. Mimi Deo wa Ihembe, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, ndiye niliyeharibu ndizi za mahari ya dada yangu mbele ya wakwe, na hadi leo sielewi vizuri ilikuwaje jambo lililoanza vizuri vile likaishia vile.

Dada yangu Adventina ndiye kitinda mimba wetu. Alipata mchumba kutoka Bugomora, kijana mpole, wazazi wake watu wa kanisani, barua ikaja, tukajibu, siku ya kuleta mahari ikapangwa Jumamosi. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, na mama aliniita uani akaniambia, "Deo, baba yako hayupo. Siku hiyo watakaoangaliwa si watoto wala mimi, ni wewe." Alikuwa ananionya. Mimi nikasikia kama ananisifia, nikaanza kujiona.

Nikasema nitatengeneza mabenchi mapya ya wageni, nikaenda Nkwenda kununua misumari, na pale dukani, juu ya rafu, nikaiona drili. Ya kijani, ndani ya boksi lake, ina hata karatasi yake ya maelezo. Nikamuuliza muuzaji, kijana mmoja mwenye heshima sana, "Hii ni mpya?"

"Si mpya, kaka."

"Kwa hiyo ni mtumba."

"Wala si mtumba. Hii ilinunuliwa huko nje, ikarudishwa kiwandani, wakaifungua, wakabadilisha kilichochoka, wakaipima, wakaifunga upya. Imekarabatiwa kiwandani. Na waranti ya miezi sita nakuandikia."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa. Njia nzima ya kurudi Ihembe nilikuwa nimeipakata nikijiuliza hiki kitu nilichonacho ni kipya kilichozeeka au ni cha zamani kilichopona, na nilipofika nyumbani mama akamalizia kunivuruga kabisa.

"Mwenyewe aliirudisha kwa nini?"

"Labda ilikuwa mbovu."

"Kwa hiyo umenunua mbovu."

"Hapana mama, wameshaitengeneza."

"Kama imepona, kwa nini hawakumrudishia mwenyewe?"

Nikaibeba drili yangu nikaenda uani kwenye mbao. Lakini drili ilifanya kazi, jamani, tuwe wakweli. Mabenchi manne kwa siku moja, mbao inatobolewa kama papai, mpaka majirani wakawa wanapita kuangalia, nami nikipitiwa na mtu naongeza kutoboa hata pasipohitaji tundu. Ndani ya boksi kulikuwa pia na chuma kirefu chenye mapanga mwishoni, cha kukorogea rangi. Mimi rangi sikuwa nayo. Lakini kile chuma kilinikaa kichwani, nikawa nakitoa, nakiangalia, nakirudisha.

Sasa niwaelezee wale wasiotoka kwetu. Sherehe bila rubisi, pombe yetu ya ndizi, si sherehe, mkwe hawezi kuketi kwako akanywa soda tu. Ndizi za pombe, tunaziita mbire, unazivundika shimoni siku kadhaa mpaka ziive, mnazimenya, mnazimwaga kwenye obwato, yaani ule mti uliochongwa ukawa kama mtumbwi, mnachanganya na nyasi, halafu wanaume wanaosha miguu wanaingia kukanyaga, taratibu, mpaka juisi iachie. Ikichujwa inatiwa mtama uliokaangwa, inafunikwa, inalala. Ili inyweke Jumamosi, lazima ikamuliwe Alhamisi. Na kwetu Ihembe, mwenye shughuli anamwita jirani yangu mzee, Ta Kamuhanda, ambaye miguu yake inajua ndizi kuliko miguu ya mtu yeyote ninayemfahamu.

Tatizo ni kwamba mimi na Ta Kamuhanda tulikuwa hatusalimiani. Mbuzi wake alikula miche yangu ya kahawa, nikasema maneno kuhusu mbuzi, na kidogo (sawa, si kidogo) kuhusu mwenye mbuzi. Kumwita maana yake kwenda kwanza kuomba radhi. Nikawaza, nikakitazama kile chuma cha kukorogea rangi, nikasema moyoni, kama kinakoroga rangi, ndizi itakishinda nini? Uamuzi mdogo kama huo, nimeufanya nikiwa nakunywa chai.

Alhamisi asubuhi watu wamejaa uani, kina mama wanamenya, muziki unalia kwenye spika tuliyokodi. Mama akauliza, "Kamuhanda anakuja saa ngapi?" Nikamjibu, "Leo hatumhitaji," nikatoka na drili. Binamu yangu Projestus ndiye fundi wetu wa mitambo (yaani ndiye aliyekuwa karibu na soketi), akavuta ekstensheni dirishani, akachomeka drili pembeni ya spika, nyaya mbili nyeusi, zinafanana.

Nikawasha. Vigelegele! Ndani ya dakika chache ndizi zote za kwenye obwato zilikuwa zimesagika, nikazima, nikajifuta jasho, nikasimama pembeni kusubiri juisi. Tukasubiri. Juisi haikuja. Kilichokuwemo mle ni uji, mzito, wa kumlishia mtoto, umekaa umetulia. Nikainama kuangalia chini yake, labda imejificha. Hakuna.

"Deo, juisi iko wapi?" mama akauliza.

"Inakuja."

"Inatokea wapi?"

Nikawasha tena, kwa kasi zaidi, na uji ukazidi kuwa mzito na kutoa povu. Nikachanganyikiwa kwelikweli. Ndizi zile zile, obwato ule ule, maji yake yameenda wapi? Kisha nikakumbuka nyasi, nikafurahi, nikasema kumbe tumesahau nyasi! Nikaagiza zimwagwe. Nyasi zikajisokota kwenye chuma, drili ikaanza kunitingisha mpaka meno, nikaikamata vizuri kwa nguvu zangu zote, na hapo kidole gumba kikabonyeza kitu, sikujua ni nini, nikasikia tu kimebonyea. Nikaachia kitufe cha kuwashia ili izime. Haikuzima.

Nikaibonyeza pembeni, haizimi. Nikaipiga kofi, haizimi. Ndipo nikafanya lile ambalo watu wanaliigiza mpaka leo: nikainyanyua kutoka kwenye obwato ili niione vizuri. Chuma kinazunguka, kimebeba uji na nyasi, kipo hewani. Uji ulienda kila upande. Shangazi yangu akaita "Deo!" nikageuka kumwitikia, nikampiga usoni. Projestus akaita "Kaka!" nikageuka, nikampiga Projestus. Yaani kila aliyetaka kunisaidia alinyamazishwa, na kuiweka chini naogopa itanirukia, na kuishika siwezi, nimesimama tu katikati ya uwanja nazunguka nayo.

Na hapo ndipo nikasikia, "Hodi hapa!"

Nikageuka.

Alikuwa mshenga wa kina bwana harusi pamoja na shangazi yake bwana harusi, Ma Paskazia, wamekuja kukamilisha mambo ya Jumamosi, na yule mama alikuwa amevaa gauni jeupe lenye lesi kifuani. Sitasema zaidi kuhusu lesi. Nikasema, "Karibuni," maana ningesema nini?

"Chomoa!" mama akapiga kelele. Projestus akachomoa. Muziki ukazima. Drili ikaendelea, na sasa kwa kuwa hakuna muziki ilisikika vizuri zaidi. Akachomoa wa pili, ikazima, pakawa kimya, matone yanadondoka kutoka kwenye paa la jiko. Nikailaza kwenye benchi moja jipya, nikamwendea Ma Paskazia, nikainama, "Shikamoo, Ma." Hakuitikia. Projestus, kwa nia njema kabisa, akaona afadhali muziki urudi uwapoze wageni, akachomeka. Mnajua alichomeka upi.

Drili ikaamka peke yake benchini, hakuna mtu aliyeigusa, ikaruka chini ikaanza kujizungusha kwenye vumbi. "Mama wee! Ina pepo!" mtu akapiga yowe, kina mama wakatawanyika na visu vyao, mshenga, mzee wa kanisa, akapanda juu ya benchi. Iliendelea hivyo mpaka ilipojichomoa yenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikijiuliza huko kiwandani waliirekebisha au waliifundisha.

Hakuna aliyecheka, nawaambia. Adventina alitoka ndani, akautazama ule uji, akanitazama, akasema, "Kaka, Jumamosi watakunywa nini?" na machozi yakamtoka. Mshenga akashuka benchini taratibu, akanivuta pembeni, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Ndugu yangu, labda tusogeze siku. Nyumba ikishindwa kuandaa rubisi, wazee kule watauliza kama imejiandaa kutoa binti." Nilijua maana yake. Siku ya mahari ikisogezwa, maneno yanaingia, na wapo mabinti ambao siku yao ilisogezwa na haikurudi tena. Nilihofu sana. Nikamwomba anipe mpaka jioni.

Nikaenda kwa Ta Kamuhanda hivyo hivyo, uji masikioni.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Umepakwa nini?"

"Ndizi."

Akanizunguka kunitazama, akanusa. "Umezipiga kwa mashine."

"Ndiyo."

"Ukizikimbiza zinakunywa maji yake zenyewe. Hazitoi tena. Hata ukikamua mpaka Krismasi."

"Ta, naomba unisamehe kwa yale niliyosema. Kuhusu mbuzi. Na kuhusu wewe."

Akanitoa unyasi sikioni, akautupa. "Mbuzi alikula kahawa yako," akasema, "hilo ni kweli." Halafu akaniuliza kama tuna mtama, na kumbe shimoni kwake alikuwa na ndizi zake zimeshaiva, za kukamua mwisho wa wiki, akaagiza zifukuliwe zote.

Alipofika kwetu kitu cha kwanza aliiokota ile drili, akaifuta, akakibonyeza kile kitufe cha kuwashia mara moja, tukasikia kitu kimefyatuka. "Nimebeba zege Bukoba miaka mingi, hizi nazijua. Hapa pembeni kuna kidude cha kuifunga iendelee kufanya kazi bila kuibonyeza. Umeifunga mwenyewe. Mashine nzima hii."

"Basi wangekurudisha wewe kiwandani," mama akaniambia, na ndipo watu wakacheka kwa mara ya kwanza. Mshenga naye akacheka, akasema siku haisogezwi. Ma Paskazia hakucheka.

Walikanyaga mpaka giza linaingia, Ta Kamuhanda, Projestus na wanaume wengine wawili, mimi nikakatazwa kusogelea obwato. Na Jumamosi rubisi ilikuwa tamu, wageni wakanywa, mahari ikapokelewa, nikaanza kupumua. Mapema sana. Ma Paskazia akasimama, akaomba ruhusa ya kutoza faini. Wazee wetu wakanguruma, "Tangu lini mwenye binti akatozwa faini?" Hakubishana nao. Alifungua mkoba, akatoa lile gauni la lesi, akalikunjua mbele ya watu wote, akalizungusha pole pole ili hata waliokaa nyuma waone. Wazee wakanyamaza.

"Sitaki kitu," akasema. "Nataka ndizi za harusi, kule Bugomora, zikanyagwe na huyu kaka mtu. Kwa miguu yake. Tumuone."

Kaka wa bibi harusi kwenda kukanyaga ndizi uwanjani kwa wakwe, hilo hata kulitaja ni kichekesho, na wazee wa kwetu wote walinitazama nikatae. Nikamtazama Adventina. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vinasokota ukingo wa kitenge, na nikaona hanywi, hali, anasubiri tu nitakachosema. Nikasema, "Nitakuja, Ma."

Kwa hiyo siku mbili kabla ya harusi mngenikuta Bugomora, suruali imekunjwa mpaka magotini, ndani ya obwato wa watu, ukoo mzima wa bwana harusi umeleta viti, watoto wamepanda mpaka juu ya ukuta wa zizi. Nilianguka mara mbili. Pale ndani niliapa, na nikakiapa kiapo hicho kwa sauti kwa sababu waliniambia hawajasikia, kwamba sitaingiza tena chuma kwenye ndizi, na kwamba nikiuziwa kitu nisichokielewa nitauliza mpaka muuzaji afunge duka. Nilikanyaga taratibu, kama nilivyoelekezwa, na baada ya muda mrefu nikahisi kitu cha baridi kinapita katikati ya vidole vya miguu. Juisi. Safi, inang'aa, imetoka yenyewe. Nilikaribia kulia, nawaambia ukweli.

Ma Paskazia akaja na kikombe, akachota karibu na mguu wangu, akanywa chote, akajifuta mdomo.

"Endelea," akasema. "Bado mikungu minane."