Pango la Patmo Nililoliweka Mwisho

Kosa langu lilikuwa kuliweka pango mwisho. Mama yangu na wanawake watatu wa kanisa letu la Burnsville walikuwa wanaenda kisiwa cha Patmo, Ugiriki, na mimi, ambaye Ulaya sijawahi kukanyaga, nikajipa kazi ya kuwaandikia mwongozo. Historia ya makanisa sikuisomea popote. Nilijifundisha kwa video, kwenye meza ya jikoni kwetu Apple Valley, nikafikisha kurasa thelathini na nane. Ukurasa wa michoro ya ukutani niliurudia mara sita.

Mama alitaka kitu kimoja tu: kuomba ndani ya pango ambamo inaaminika Yohana aliupokea Ufunuo. Alibeba karatasi yenye majina ya wazee anaowahudumia kazini. Aliwaahidi kuwataja humo pangoni. Walikuwa na Jumapili moja tu kisiwani. Mimi nikaona utamu ukae mwisho: asubuhi monasteri kubwa ya juu mlimani, iliyojengwa kama ngome kwa hofu ya maharamia, kisha makanisa madogo, halafu pango saa kumi alasiri. Saa za kufungua sikuziangalia. Kwetu Burnsville, Jumapili saa kumi watu bado wanatoa ushuhuda na chai haijaletwa.

Kule Patmo ilikuwa saa kumi alasiri, huku kwetu saa mbili asubuhi. Niko garini nje ya kanisa, nimekuja kupanga viti, simu ikalia.

"Kijana wangu, kumefungwa."

"Haiwezekani, mama. Ukurasa wa thelathini na moja..."

"Mlango haujasoma ukurasa wako."

Rafiki yake akadakia kwa nyuma: "Mwambie atutumie ukurasa wa ufunguo!"

Feri ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili. Nikaanza kuomba msamaha na kutafuta namba za simu kwa wakati mmoja.

"Nyamaza kidogo," mama akasema. "Kuna mama hapa ana chupa ya mafuta."

Mgiriki huyo alikuwa anaenda kuwasha taa katika kikanisa cha familia yake, chini kidogo ya barabara. Mama alimwonyesha karatasi, akamwonyesha mlango uliofungwa, na yule mama akamshika mkono wakaenda. Simu haikukatwa. Nilisikia mbuzi, kisha ufunguo. Mama akaomba kwa sauti kama tunavyoomba sisi, jina baada ya jina, na kila jina yule mama aliitikia kwa Kigiriki, taratibu.

"Kinaitwaje?" niliuliza walipomaliza. "Ni cha karne gani?"

"Nimekuja kuomba, sikuja kukitengenezea kitambulisho."

Hakikuwa katika kurasa zangu zote thelathini na nane.

Pango lenyewe mama hajaliona mpaka leo. Yeye halilalamikii, mimi ndiye ninayelalamika kwa niaba yake. Siku hizi nikimpangia mtu safari napiga simu kwanza kuuliza saa za kufungua, kile anachokitaka zaidi nakiweka asubuhi, na mchana nauacha bila ratiba.