Nyanya za Guyo wa Kinna

Meno ya mbuzi yakisagana. Sauti hiyo ilimkaa Akiru masikioni tangu mwaka wa sabini na nane, mbuzi wake wa maziwa alipolala nyuma ya nyumba huko Chechelesi, povu mdomoni, akayasaga meno mpaka akanyamaza. Alikuwa amekula sukuma iliyotupwa nyuma ya meza ya Batula, muuza mboga sokoni.

Mume wa Batula, Guyo, alikuwa mchungaji. Kiangazi kilipommalizia ng'ombe, akashika jembe kule Kinna, na mavuno yake akayauza Batula. Viwavi walipoingia shambani, akawapulizia dawa ya josho. "Inaua kupe, itashindwa na kiwavi?" alisema, na wachungaji wenzake hawakuona kosa.

Basi Akiru, muuza makaa, akawa ananunua kwa pua. Vitunguu na malenge alichukua kwa Batula, kwa bei nafuu, maana hivyo humenywa kabla ya kuingia sufuriani. Sukuma na nyanya, vinavyoliwa bila kumenywa, alivifuata kwa bibi Nakuam, aliyewanyunyizia viwavi majivu tu. Sukuma ya Nakuam ilikuwa na matundu kama chujio, na bei yake ilichoma.

Batula alimchukia Akiru. Kila kitunguu alichompimia kilikuwa tusi. Tena wanawake wengine walianza kunusa, wakirudisha nyanya mezani bila neno, na jioni alibaki nazo zikilainika.

"Mama Nanok, karibu," Batula alimwambia Akiru asubuhi moja, mimba yake kubwa ikigusa meza. "Leo pua inataka nini?"

"Nipimie vitunguu."

"Vitunguu tu. Nyanya yangu imekukosea nini? Angalia, hata doa haina."

"Hata nzi haina."

Wanunuzi wakacheka. Batula hakucheka.

"Wewe unalipa pesa ya watu wawili, unakula na mabuu. Halafu unaniharibia jina. Sema mbele ya hawa: mimi nauza sumu?"

"Mbuzi wangu alishasema."

"Mbuzi yako ilikufa na njaa. Kwako nani anashiba?"

Neno hilo lilimchoma Akiru kuliko alivyotaka kuonyesha. Batula akaokota nyanya nyekundu, vumbi jeupe la dawa bado kwenye kikonyo, akaiinua watu waione, akaing'ata bila kuiosha. Maji yakamtiririka kidevuni.

"Haya," mmoja akasema, "Akiru leo amekwisha."

Mikono miwili ikanyooshwa kuchagua nyanya. Akiru alitaka kuondoka. Mwache ameze, moyo ulimwambia, mwache ashibe jeuri yake. Lakini Batula alikuwa anatafuna polepole mno, macho yamekodoka, mkono mmoja umeshika tumbo, hajui ameze au afanyeje mbele ya watu.

Akiru akainama juu ya mizani, mdomo karibu na sikio la Batula.

"Tema, mwanangu," akasema. "Nitawaambia nilikusingizia."