Msondo wa Mjomba Kwenye Kiti Kisicho Chake

Mjomba wangu ndiye mpiga msondo wa kikundi chao cha ngoma kule Tongoni, na hakuna mwingine anayeyajua mapigo yake. Daktari aliposema kwamba mkono wa kulia lazima upasuliwe, tena hawezi kuahidi kuwa vidole vitarudi kama zamani, mimi nilishikwa na hasira kuliko huzuni. Miaka yote nimembembeleza aje nimrekodi, na miaka yote ananicheka: "Ngoma ya kwenye kompyuta, binti yangu, ataicheza nani?"

Safari hii alikuja mwenyewe, siku moja kabla ya kulazwa, pamoja na wenzake wawili, mpiga vumi na mpiga chapuo. Chumba changu cha kurekodia kipo nyumbani, Raskazone. Niliwapangia viti vitatu, cha mbele cha msondo na cha mwisho cha chapuo, nikasimamisha magodoro katikati yao, nikaiwekea kila ngoma maikrofoni yake, na kwenye kompyuta kila maikrofoni ikawa na traki yake. Nilitaka msondo usikike wenyewe, ili atakayejifunza baadaye asipotezwe na ngoma nyingine. Mimi nikakaa chumba cha pili na hedifoni zangu.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kujaribia tu. Ngozi zilikuwa zimelegea kwa unyevu, kwa hiyo wakatoka na ngoma zao uani kuzipasha kwenye moto wa makumbi ya nazi. Nikaenda jikoni kutia chai. Niliporudi walikuwa wameshakaa nyuma ya magodoro. Wakapiga mpaka alasiri, na wallahi sijawahi kumsikia mjomba akipiga vile. Masikioni mwangu ngoma zote zilikuja kwa pamoja, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Walipokwisha kuondoka ndipo nilipofungua traki ya msondo peke yake. Ilikuwa inalia chapuo! Kachapuo kembamba, kanachekacheka, na msondo unasikika mbali huko nyuma kama wa nyumba ya jirani. Mjomba anaingia chumba cha upasuaji asubuhi, nami nimempoteza kwa mikono yangu. Nilimtukana shetani, nikaitukana kompyuta, mwisho nikampigia simu mpiga vumi, maana mjomba nisingeweza kumweleza.

"Shikamoo baba. Mlikaaje baada ya kupasha ngoma?"

"Marahaba. Tulikaa kama siku zote," akasema. "Ngozi inayowahi kukaza ndiyo inayotangulia kuingia, na anayetangulia anashika kiti cha mbele. Leo chapuo iliwahi. Kwani hukujua?"

Sikujua. Nimekua nikizicheza ngoma zao, lakini huko uani kwenye moto sikuwahi kukaa. Nikakata simu hata bila kuaga, nikafungua traki niliyoiandika chapuo. Msondo ukaingia, mnene, wa karibu, mpaka kiganja kikikwaruza ngozi unakisikia. Alhamdulillahi! Nililala chali sakafuni nikacheka peke yangu.

Upasuaji ulipita salama, ila kuhusu vidole daktari akasema tusubiri. Siku niliyoruhusiwa kumwona nilimkuta amelazwa, mkono umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya mto. Nikafungua kompyuta niliyokuja nayo, nikamvisha hedifoni, nikazima vumi na chapuo ili ajisikie mwenyewe. Akafumba macho. Nikangoja sifa zangu.

"Mbona mmemwacha peke yake huyu?" akauliza.

"Ndivyo nilivyotaka, mjomba. Ndivyo watakavyojifunza."

"Watajifunza. Lakini mimi nirudishie wenzangu."

Nikawarudisha, vumi kwanza, kisha chapuo. Uso wake ukalegea, na vidole vilivyochomoza kwenye bandeji vikaanza kugonga mto, polepole, kimoja kikichelewa. Nikamwita muuguzi kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa wote wodini.